Siku Chifu Alikuja Kuona Shida Yetu

Hii stori inanifanya nikae mjinga, na najua, kwa hivyo chekeni mmalize ndio tuendelee. Dada yangu Nekesa alikuwa amepata nafasi ya chuo huko Kitale, kusomea uuguzi, mtu wa kwanza kwetu Matulo (mimi niliishia darasa la nane, na hiyo ya nane nilikuwa naingia tu sababu ya githeri ya mchana). Karo hatukuwa nayo. Kulikuwa na msaada wa serikali, lakini kabla uombe lazima chifu akuje kwenu, aone vile mnaishi, aseme kweli hawa watu hawajiwezi, apige mhuri. Na mwisho wa kupeleka fomu ilikuwa kesho yake chifu akishakuja.

Sasa mtu mwenye akili angeacha chifu akuje aone. Nyumba yetu ilikuwa inajieleza yenyewe, bati imetoboka, viti viwili, kimoja cha miguu mitatu. Lakini mimi nilitoka Kitale, mahali naoshanga magari, nikaangalia hiyo nyumba nikasikia aibu. Mgeni mkubwa hivyo akalie nini? Kwetu mgeni akikuja unaazima, hata wewe unajua. Nikaanza na kitu kidogo tu, thamosi ya jirani yetu, Mama Brayo. Lakini thamosi ya maua kwa meza imepasuka inakaa ya wizi, nikaazima meza, ile yetu nikaitupa nje. Meza ikataka makochi, makochi yakataka vitambaa. Mzee Sitati, jirani mwingine, akanipea tivii (stima hatuna, lakini nani atajua imezimwa ama haina stima), na kijana yake akanipea shati na viatu. Jogoo ya Mama Brayo nayo niliomba ikuje tu itembee kwa boma, ionekane.

Nekesa akaniuliza, "Barasa, huyu mtu anakuja kuona harusi ama shida?"

Nikamwambia watu wamesoma hawajui kupokea wageni.

Chifu akafika, akazama kwa kochi mpaka magoti yakakaribia kidevu. Mama naye alikuwa shambani nikileta jogoo, akadhani nimenunua Kitale nikuje nayo, akasema asante Mungu, akachinja kabla nijue. Chifu akapewa firigisi, si ni mgeni wa heshima, akakula, akaangalia tivii, akaangalia viatu vyangu, akarudisha kalamu kwa mfuko.

"Mama, nyinyi mko sawa. Kuna watu hapa Matulo hawana hata pa kukalia. Wacha hii iende kwa hao."

Hapo nilitafuta meno ya kucheka nikakosa. Nekesa hakulia, afadhali angelia, alikuwa tu anaangalia ile fomu yake kwa mkono ya chifu. Nikatoka nje mpaka kwa njia, nikaita kwa sauti yote niko nayo, ati kila mtu mwenye kitu chake kiko kwetu akuje achukue saa hii.

Bana, walikuja. Kumbe walikuwa tu kwa ua wanachungulia. Sitati akabeba tivii. Chifu akaombwa asimame, akasimama na sahani kwa mkono, kochi ikapita. Meza ikaenda, vitambaa vikaenda. Kijana ya Sitati akaangalia miguu yangu, nikavua viatu, nikavua shati, nikabaki na vesti yenye ukiangalia mbele unaona nyuma. Chifu akakalishwa kwa kile kiti cha miguu mitatu, ameegemea ukuta.

Mama Brayo alichukua thamosi yake lakini hakuenda. Alisimama hapo kwa mlango, anaangalia boma, anaangalia ndani.

"Na jogoo yangu?"

Sote tuliangalia sahani ya chifu.

Chifu alicheka mpaka kiti kikamwangusha, na akiwa bado hapo chini akaitisha fomu. Mhuri alipigia kwa goti, sababu meza ilikuwa imeshaenda.

Nekesa yuko chuo sasa. Mama Brayo nilimpelekea jogoo ingine, akasema haiwiki kama ile. Mimi kuazima niliacha, hata kiberiti siombi. Juzi nimekutana na chifu hapo Webuye, nimevaa shati safi najisikia mtu, nikamsalimia kwa heshima. Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu, polepole.

"Barasa, nikikuja kwenu tena nipikieni mboga ya sukuma. Lakini iwe sukuma yenu."