Maikrofoni Inayosikia Mpaka Pumzi

Kaka yangu watu humwita Besi. Jina amelipata kazini: hukodisha muziki kwenye harusi na mikutano, na akishafungulia zile spika zake, vikombe vya mtaa mzima hucheza kabatini. Kelele anaijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Kimya hakijui, na hilo ndilo lililotuponza.

Mama yetu alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, na alikuwa na mazoea yake: kila mtoto aliyezaliwa kwetu alimtungia wimbo wake mwenyewe wa kumlaza. Wa Besi unaisimulia mvua iliyong'oa bati siku aliyozaliwa. Wangu unanisema kwamba nilianza kulalamika kabla sijatoka vizuri. Nilikuwa na mimba ya kwanza pale daktari alipotuambia kwamba uvimbe wa mama kooni hauna dawa ila kisu, na kisu kitaondoka na sauti.

Mama alisikiliza, akakunja mtandio wake, akasema, "Basi tuzirekodi nyimbo kabla." Akanigusa tumbo. "Na wa huyu ninao tayari. Nitauimba siku hiyo hiyo."

Besi akasema kazi hiyo aachiwe yeye, atageuza stoo yake iwe studio. Nikamwambia achukue moja ya zile maikrofoni zake za shughuli, za kushika mkononi, mama aisogeze mdomoni tumalize. Alinitazama kama nimemtukana.

"Ile ni ya kutangazia funguo zilizopotea," alisema. "Sauti ya mama siiweki kwenye kidude kile."

Akarudi na maikrofoni nene, nyeti, imelazwa ndani ya sanduku lenye sponji. Muuza duka alimwambia inasikia mpaka pumzi. Hakumwambia kwamba itasikia pia kuku, bomba la jirani, na mchomeleaji wa mageti anayefanya kazi nyuma ya ukuta. Siku ya kwanza mama alichana nywele, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa kitini. Besi akavaa hedifoni, akakunja uso. "Bado, mama. Kuna mvumo."

Mtu mwingine angebadilisha maikrofoni. Besi akabadilisha chumba. Magodoro yalitoka vitandani yakapanda ukutani, la mama likiwa la kwanza, na mgonjwa akalala kwenye mkeka ili sauti yake isipige mwangwi. Mchomeleaji akaombwa apumzike kidogo mchana. Akauliza kama hiyo studio ndiyo itakayolisha wanawe. Kisha ikaonekana kwamba kile kisanduku cha kuunganishia maikrofoni na kompyuta hakitoi umeme wa kutosha kuiamsha, kikatafutwa kingine. Kisha stendi ikawa inatetemeka. Kisha waya. Kila mara mama alivaa gauni lile lile, na kila mara aliambiwa bado.

"Mchagua jembe si mkulima," nilimwambia Besi mbele ya mkewe.

"Kitu cha mara moja hakifanywi ovyo," alijibu. "Ukiharibu leo, kesho utamwambia nani aimbe tena?"

Alikuwa na hoja, na ndiyo maana nimemkasirikia mpaka leo. Mjinga ungemsamehe. Wifi yangu, mke wa Besi, akatoa simu yake, akasema turekodi jikoni kimyakimya bila Besi kujua. Mama ndiye aliyekataa.

"Mwacheni," alisema, na sauti ilishaanza kukwaruza. "Siku zote amewapigia watu baki muziki. Hili anamfanyia mama yake. Nikiimbia simu nitamvunja moyo."

Hospitali wakapiga simu asubuhi moja: kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi ipo leo, na uvimbe wa mama si wa kungoja. Besi alikuwa mjini, amekwenda kubadilisha waya. Njiani nilimwomba mama aimbe hivyo hivyo, hata kwa kunong'ona. Alijaribu. Kikatoka kikohozi tu. Besi alinikuta wodini akiwa na waya mpya mkononi, safari hii ule hasa aliokuwa akiutaka. Mama alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji.

Mama yupo, tunashukuru. Akitaka kitu hugonga meza. Mwanangu alipozaliwa, mama aliniandikia maneno ya wimbo wake, mistari minne, mizuri. Nikaimba kwa namna niliyokisia. Akatikisa kichwa. Nikajaribu namna nyingine, akatikisa tena. Akanyoosha kidole hewani, kikapanda, kikashuka, kikakaa pale pale kidogo, kikapanda tena, na mimi sikuambulia kitu. Mwishowe alinishika mkono akaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, ndivyo unavyokwenda. Nilijua ananidanganya ili mtoto alale.

Besi alikaa muda mrefu bila kuja kwangu. Alipokuja alikuja na mama, amebeba kompyuta. Alikuwa ameyapekua majaribio yote aliyorekodi mle stoo, na yote ni yeye mwenyewe: moja mbili, moja mbili. Ila katika jaribio moja mama anasikika, alidhani zamu yake imefika. Besi amelisafisha kwa ustadi wake wote. Kuku hawapo, bomba halipo, mchomeleaji hayupo. Alimvika mama hedifoni kwanza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akazivua, akanipa mimi bila kumtazama mwanawe.

Muuza duka hakudanganya. "Nianze, baba?" anauliza mama, sauti yake nzima, karibu kabisa na sikio. Halafu pumzi inavutwa, ndefu, ile ya mtu anayeanza kuimba. Kisha Besi anasema, "Bado, mama."