Goti la Baba Kilimani Buyangu

Tulienda Buyangu kwa sababu ya goti. Baba ni afisa wa kilimo, na tangu tuhamie Kakamega kutoka Voi anatakiwa kuzunguka mashamba ya Shinyalu kwa miguu. Lakini goti lake la kulia lilivunjika mwaka jana alipoanguka na pikipiki, na Mama anataka aombe kazi ya ofisini. Baba akajitolea hukumu mwenyewe: "Jumamosi napanda kile kilima cha Buyangu, msituni. Nikipanda na kushuka, Jumatatu niko shambani. Nikishindwa, naomba meza."

Mama akaniteua shahidi. Mlangoni alininong'oneza, "Ukirudi bila yeye, usirudi."

Asubuhi hiyo jua liliwaka hadi nikadhani limetufuata kutoka Voi. Bodaboda zilitushusha langoni, na hapo tukampata Ayuma, dada mwenye mabuti ya mpira, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni. Alituambia tuingize suruali ndani ya soksi, siafu ni wengi. Baba akakataa, eti mtu mzima hatembei hivyo.

"Sawa mzee," Ayuma akasema. "Lakini siafu wa huku hawaulizangi umri."

Ndani ya msitu, kila tulipokanyaga mzizi goti la Baba lilisema ka. Nikaanza kupiga domo ili nisilisikie. Nikawatania mbega waliokuwa juu na makoti yao ya manyoya. Nikamwuliza Ayuma kama nyoka wamefunga shule.

"Wapo," akasema. Nikajuta kuuliza.

Kileleni tulifika, Baba akitiririka jasho. Alisimama kama mtu aliyeununua msitu wote, nao ulikuwa umesongamana kule chini kama sukuma wiki sokoni. Kisha upande wa pili likajitokeza wingu jeusi.

"Tushuke sasa," Ayuma akasema. "Mvua huku inanyeshanga alasiri. Na radi inapendanga walio juu."

Nyinyi wa Voi mnajua tulichofanya. Kwetu wingu kama lile likitokea, watu hutoka nje kulitazama, tena kimya, lisije likaghairi. Baba alivua kofia. Na mimi nikavua yangu.

"Acha kwanza ije," Baba akasema.

Ikaja.

Njia ya kushuka iligeuka mfereji wa tope. Radi ilipasuka karibu hadi meno yangu yakagongana. Hapo Baba akateleza, mguu ukajikunja chini yake, na hakupiga kelele. Hilo ndilo lililoniogopesha. Huyu ni mtu ambaye kijiko kikianguka jikoni anafoka.

"Baba, unaweza kusimama?"

"Ngoja." Akapumua. "Nipe mkono."

Ayuma alitangulia, akichimba vidato kwa kisigino ili tupate pa kukanyaga. Penye mteremko mkali Baba aliketi akaserereka kwa makalio, na suruali yake ya kazini. Nikatafuta mzaha. Siku nyingine ningepata wa kuwasimulia nyinyi mwezi mzima. Siku hiyo sikupata kitu. Nilikuwa nahesabu tu pumzi zake. Tulipofika langoni, pahali tambarare kama meza, bado alikuwa hajaniachia mkono.

Nyumbani Mama aliniuliza mimi, hakumwuliza yeye. "Alishuka?"

Nikimwambia ndiyo, Jumatatu Baba atakuwa kwenye miteremko ya Shinyalu peke yake. Nikisema hapana, mimi ndiye nitakuwa nimemkalisha ofisini.

"Alishuka," nikasema. "Lakini nilimshika."

Baba alikuwa anafungua viatu, polepole, bila kutuangalia. "Meza," akasema. "Nitaomba meza."

Mama akaenda kumchemshia maji ya kukanda goti.

Kwa hiyo, watu wa Voi, mkija huku msisimame kutazama mvua. Na mtu akikwambia wewe ni shahidi tu, usimwamini, utabeba. Vidole vyangu bado vinauma alipovishika, na sijamwambia.