Watu Waliosimama Mlangoni Kwangu

Mti ulio mbele ya nyumba yangu, hapa Small Heath, Uingereza, sikuupanda mimi. Niliukuta. Kila mwaka baridi ikianza unazaa vitunda vyekundu visivyoliwa na mtu, vinaangukia ngazi, unavikanyaga, unaingia navyo mpaka kwenye zulia. Mwaka huu nilikuwa nimeuchoka. Nilishaongea na fundi aje Jumamosi aukate, yaishe.

Ijumaa asubuhi natoka shifti ya usiku, kazi yetu ya kutunza wazee, macho yananiwaka, nakuta mzungu mzee kwenye geti langu. Ana darubini ya miguu mitatu, na ameielekeza kwenye dirisha la chumba changu cha kulala. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaweka kidole mdomoni. Yaani mimi, kwangu, naambiwa ninyamaze.

Jina lake ni Oliver. Alininong'oneza kwamba kwenye mti wangu kuna waxwing, ndege wa huko kaskazini kwenye theluji. Miaka mingine hawaonekani kabisa Uingereza, alisema, na miaka mingine chakula kikiwaishia kwao huvuka bahari kutafuta vitunda kama vyangu. Nikatazama juu. Ni ndege wa kiasi tu, rangi ya chai ya maziwa, ana kishungi kichwani na ncha ya mkia ni ya njano. Sikatai, alikuwa mzuri. Lakini nilikuwa nimekesha usiku kucha na nilitaka kulala. Nikamwambia barabara ni ya watu wote, asimame tu, nikaingia ndani.

Upole wangu ndio ulioniponza. Nilipoamka mchana wenzake Oliver walikuwa wamejaa getini. Kumbe wanaitana kwa simu. Wanaume kwa wanawake, makoti meusi, kofia zimevutwa mpaka masikioni, na hawasemi. Hilo ndilo lililonimaliza. Watu wazima wamejipanga mbele ya nyumba ya mtu, hakuna anayemsalimia mwenzake, wote wametazama juu. Ndege akiruka, wanainamisha vichwa kwa huzuni. Akirudi, vichwa juu tena. Sikuweza kufungua pazia. Kutupa takataka nilitoka kwa kunyata kama mwizi, kwenye nyumba ninayolipia mwenyewe. Na Oliver aliposikia habari za fundi alinisihi kwa mikono miwili nisiuguse mti, hadi nikampigia fundi aje wiki nyingine. Nilijichukia kwa hilo.

Mnielewe, shida yangu hasa haikuwa ndege. Mama yangu ni mgonjwa kule Kisii, moyo wake umechoka, na kila tukiongea ananiuliza nakuja lini. Nimeomba likizo tena na tena, na meneja wetu, Nilam, jibu lake ni lilelile: kipindi cha baridi wafanyakazi hawatoshi, hakuna ruhusa, labda kuwe na msiba. Kwa hiyo nilikuwa nalala na simu kando ya mto, nikiiogopa. Halafu juu ya hayo yote naletewa ndege.

Jumamosi nilibadilishana shifti na mwenzangu, nikaenda kazini asubuhi. Alasiri niliposhuka basi Coventry Road na kukata kona, umati ulikuwa mkubwa kuliko wa jana, na katikati yake nikaona leso. Nikaona na sufuria kubwa za fellowship yetu, kikundi chetu cha maombi cha akina mama. Peninah, rafiki yangu ambaye tunafanya kazi mahali pamoja, alikuwa amesimama kwenye ngazi yangu akiongoza wimbo, na ni wimbo tunaouimba kwenye nyumba ya msiba. Wale wazungu wa ndege walikuwa wamevua kofia. Mmoja alikuwa ameshika chapati.

Oliver ndiye aliyeniona kwanza. Alinijia akaniambia anasikitika sana kwa msiba uliotupata, na kwamba lau wangejua, wasingethubutu kuja kunisumbua.

Nilijua ni mama. Kazini simu zetu hukaa kwenye makabati, na kwenye basi nilisinzia bila kuitazama yangu, kwa hiyo nilifikiri ndugu zangu wamenipigia wakanikosa, wakamtafuta Peninah. Sikumbuki nilivyofika mlangoni. Nilimshika Peninah mabega.

"Ni mama?"

Peninah akaangua kilio. "Pole, dadangu Kwamboka. Pole sana. Mungu amempenda zaidi."

Nikakaa palepale kwenye ngazi, nikalia kwa sauti. Akina mama wakanizunguka, wakanishika huku na huku. Katikati ya kulia nikauliza amekufa saa ngapi. Wimbo ukafifia. Peninah akafuta macho, akanitazama vizuri.

"Si wewe ndiye unajua? Sisi tumekupigia hushiki, tukafikiria uko ndani umejifungia."

"Nani aliwaambia?"

Wote wakamgeukia Batula. Batula ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Msomali aliyekulia Garissa, na alikuwa amesimama nyuma na thamosi yake ya chai.

"Mimi sikusema mtu amekufa," alisema. "Nilimwambia Peninah kwa Kwamboka watu wamejaa tangu jana, wako na nguo nyeusi, hawaongei, na mama mmoja anapanguza machozi. Wallahi, hiyo ni nini kama si matanga?"

Yule mama mwenyewe, mmoja wa wale wazungu wa ndege, alikuwapo bado, na machozi yalikuwa ya upepo wa baridi. Nilitamani kuwachapa wote, kuanzia ndege. Nikatoa simu. Nikampigia mama. Iliita, ikaendelea kuita, kisha mama akapokea, akauliza mbona nahema hivyo.

Nilimweleza yote kwa Kikisii, kamasi zikinitoka: ndege, darubini, wimbo, chapati. Mama alicheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi kilichukua muda kuisha, nami nilikisikiliza chote. Hapo ndipo Peninah akaniinamia, kwa aibu, akaninong'oneza kwamba kuna jambo lingine. Alikuwa amempigia Nilam nyumbani kwake kumwarifu. Nilam alikuwa ameshajibu, pole nyingi, na ruhusa ya wiki mbili kuanzia kesho, nikazike.

Mama aliuliza huyo anasema nini. Nikamwambia.

"Wamekupa ruhusa ya kuja kunizika?"

"Wamenipa kwa makosa, mama. Lazima niirudishe."

"Usiirudishe. Njoo nayo sasa. Nikishakufa utakuja kumwona nani?"

Nilimwambia nitampigia tena baadaye, nikampigia Nilam palepale, watu wote wakinitazama. Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu yuko hai, na kwamba kesho nakwenda kumwona. Sikungoja apate la kusema. Nilikata simu, nikaingia ndani kutafuta sanduku.