Mate ya Babu

Hii stori inanifanya nionekane mjinga, kwa hivyo kama unataka kucheka, cheka sasa. Mbele itakuwa ngumu. Mwanangu (ndio, nakuita mwanangu kama mzee na bado niko na chunusi), kuna siku moja haijawahi kunitoka.

Nilitoka Matisi, hapo Kitale, nikaenda nyumbani Bumula kuaga babu. Nilikuwa nimepata kazi Mombasa, na kwetu kijana hasafiri hivi hivi. Mzee anakutemea mate kidogo kwa kifua, ndio njia ikuwe laini. Baba alishakufa, kwa hivyo alibaki babu tu.

Lakini babu alikuwa anaugua koo, na dawa zilikuwa zimemkausha mdomo kabisa. Hata uji ulikuwa unakwama. Akanivuta karibu, nikafungua shati, akajaribu. Pff. Upepo tu.

"Babu, tangi imekauka bana!"

Mwenyewe akacheka. "Ngoja kuku iive. Pengine mate itarudi."

Kukhu, mke wake, alikuwa amechinja jogoo kwa hiyo sababu, ati harufu ikumbushe mdomo kazi yake. Akaweka sahani mbele ya babu, firigisi juu. Firigisi ni ya mwenye boma, mtoto haigusi. Na mimi nilikuwa naimezea mate tangu jikoni. Shuleni mwalimu alitufundisha neno ya Kizungu ya hiyo kitu, "salivate". Mfano wake ilikuwa mbwa ameona mfupa. Hakutuambia kuna mtu anaweza kuomba Mungu hiyo kitu imtokee.

Babu akainama, akanusa. Halafu pole pole mate ikatokea kwa pembe ya mdomo, ikateremka mpaka kidevu. Akainua macho, akaniita na kidole.

Na mimi nikakumbuka mbwa wa mwalimu.

"Oneni mzee! Anadondokwa mate kama mtoto anaota meno!"

Nikachukua kitambaa, nikampangusa vizuri mpaka kidevu kikakauka. Mabinamu waliokuwa wamekaa hapo na sisi wakaanguka kicheko. Babu akafunga mdomo. Akanisukumia sahani yote, na firigisi yake. Hakula tena mbele ya watu, na wiki haikuisha kabla tumzike.

Mwanangu, mwili wa mzee ukifanya kitu ya kuchekesha, nyamaza kwanza. Angalia macho yake, pengine kuna kitu anakupea. Utani utaupata tu kesho, mzee hujui. Na Mungu akuachie mmoja wa kukutemea, akukute shati iko wazi.

Baada ya mazishi, kukhu alinipata nyuma ya jikoni nimebeba begi.

"Si ulikuja kutafuta baraka?"

"Ndio, kukhu."

"Ile mate ulipangusa ndio ilikuwa yako," akasema. "Na kitambaa nimeshafua."