Kufuli la Elyse na ngamia wa Lokaale

Saa moja asubuhi, kabla bati halijaanza kuchoma, Elyse Nabintu anafuta vumbi kwenye kompyuta yake kwa ncha ya kitenge, kisha anamuuliza mzee aliyeketi mbele yake swali ambalo wote wawili wanajua jibu lake.

"Wewe ni nani?"

Mzee ameketi juu ya kigoda chake kidogo cha mbao, kile kile anacholazia kichwa usiku. "Lokaale," anasema. "Wewe najua mimi."

"Mimi nakujua, papa. Mashine njo haikujui."

Lokaale anaigeukia kompyuta. "Basi tusalimie yeye kwanza," anasema. "Ejok."

Tupo ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi, pembezoni mwa kambi ya Kakuma, upande wa mto Tarach, ambao kwa sasa ni mchanga mtupu. Elyse, mwenye umri wa miaka 31, ni mkimbizi kutoka Bukavu, ambako 'ndiyo' hutamkwa 'njo', na ni fundi wa tovuti. Kazi hiyo aliisomea humu humu kambini kwa miezi tisa, akitumia kompyuta moja na wenzake watatu. Leo hulipwa Sh14,000 kwa mwezi na chama cha wafugaji chenye ofisi mjini Lodwar.

Anachotaka asubuhi hii ni mzee huyu akubali kuandikishwa upya. Jumamosi chama kinakutana, na katibu wake, Bi Akoru, amekwisha kusema wazi: Lokaale akikataa, tovuti inafungwa na watu wanarudi kwenye daftari. Nyumba arobaini hivi zinazohamahama pamoja naye hufuata anakoelekea.

Na Lokaale ana kila sababu ya kukataa. Elyse alimpotezea ngamia. Alimpoteza kwa swali moja, aliloliandika mwenyewe akiwa na nia njema kabisa.

Tovuti yenyewe inaitwa Alama, na wazo lake ni jepesi. Mnyama akipotea Turkana, aliyemwokota hutazama chapa ya ukoo iliyochomwa ubavuni, kisha huulizia. Zamani habari hiyo ilitembea kwa miguu. Siku hizi aliyeokota hupiga picha ya chapa na kuiweka kwenye Alama. Mwenye mnyama akiiona, tovuti humpa namba ya kuchukulia, naye huenda nayo hadi mnyama wake alipohifadhiwa.

Kwa miezi mitano ya kwanza, yeyote mwenye simu aliweza kuingia na kuomba namba. "Ilikuwa ni nyumba haina mlango," asema Bi Akoru, tuliyemkuta ofisini mwake Lodwar. "Mtu anaingia anachagua mbuzi kama ako sokoni. Nikaambia Elyse, weka kufuli."

Kuweka kufuli la aina hiyo Turkana si jambo la kunakili kutoka kwenye masomo. Kwingineko mtu hutumiwa ujumbe wenye namba kwenye simu yake, yakaisha. Hapa simu moja huhudumia nyumba nne, na laini hubadilishwa kufuata mahali penye mtandao. Elyse akaamua kila mfugaji awe na namba ya siri ya tarakimu sita, na mlango ujifunge wenyewe baada ya dakika tano, ili anayefuata kuishika simu asijikute ndani kwa jina la aliyetangulia.

Tulitaka kujua kama yeye mwenyewe huziona namba hizo za siri. Akacheka.

"Hapana. Inasagwa sawa mahindi. Ukisha kusaga, utarudisha unga ikuwe punje? Mashine inaweka ile unga tu. Kesho ukileta namba yako, inaisaga tena, inaangalia kama unga ni moja."

Likabaki suala la wanaosahau, nao walikuwa wengi. Ndipo mtu akamdokezea kwamba kila mwanamume wa Kiturkana ana dume mmoja anayempenda kupita ng'ombe wote. Elyse akafurahi. Akaandika swali: dume umpendaye anaitwaje? Ukijibu sawasawa, unapewa nafasi ya kuweka namba mpya.

"Nilikuwa nawaza ni kitu ya ndani ya roho," anasema. "Kwetu Bukavu, kitu unapenda sana hautangazi. Watu watakuonea wivu."

Msomaji wa Turkana ameshaanza kucheka, na ana haki. Dume wa mtu huimbwa ngomani, mwenyewe akiinua mikono juu kuonyesha pembe zake zilivyopinda, na mwanamume huitwa kwa jina la dume wake hadi uzeeni. Lokaale anaitwa Apaloreng tangu ujanani, kwa ajili ya dume mwekundu ambaye mifupa yake ilishapotea mchangani. Elyse alikuwa ameuning'iniza ufunguo mlangoni.

"Hiyo jina, hata mbuzi najua," asema mzee, bila kucheka.

Mwezi Machi ngamia wake jike, aliyekuwa akikamuliwa kwa ajili ya wajukuu watano, alipotea na kuokotwa karibu na soko la mifugo la Kakuma. Kabla Lokaale hajapata simu ya kuazima, mtu wa ukoo wake mwenyewe, ambaye ameuimba wimbo wa yule dume ngomani miaka nenda miaka rudi, alijibu swali la Elyse, akaweka namba mpya ya siri na kupewa namba ya kuchukulia ngamia. Akamswaga mchana kweupe. Aliyemhifadhi hakushuku lolote, maana hata chapa ya ukoo ni moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wazee walimpata mwizi, lakini ngamia alikuwa amekwisha kuvushwa mpaka. Faini ililipwa kwa ngamia mchanga ambaye hajawahi kuzaa. Tangu siku hiyo, nyumbani kwa Lokaale watoto wanakunywa chai ya rangi.

Elyse angeweza kunyamaza na kurekebisha kimyakimya. Badala yake aliomba kibali cha kutoka kambini, akasafiri hadi Lodwar na kusimama kwenye zizi la mnada mbele ya wafugaji wapatao themanini, Bi Akoru akitafsiri.

"Nilisema: mashine haikukosea, ni mimi," anakumbuka. "Niliogopa watasema mkimbizi anashirikiana na wezi."

Kisha akawauliza jambo ambalo, anakiri, alipaswa kuliuliza kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Mtu msiyemjua akifika bomani usiku, mnamtambuaje? Aliyejibu ni mfanyabiashara wa ngozi aitwaye Nawoi. "Nasema ametoka kwa nani," alisema, akimaanisha mgeni mwenyewe. "Kama hakuna mtu hapa najua yeye, nakunywa maji nakwenda."

Kufuli jipya limetoka katika maneno hayo. Swali limeondolewa. Kila anayejiandikisha anachagua watu wawili wanaomfahamu. Akisahau namba ya siri, wale wawili, kila mmoja kwa namba yake mwenyewe, wanaingia na kusema ndiye. Mmoja akikaa kimya, hakuna kinachosogea.

Elyse anasema ajabu ni kwamba alikuwa ameyaona haya kwa macho yake. Mwaka wake wa pili Kakuma alipoteza kadi ya chakula, na majirani wawili walisimama mbele ya karani wakaapa kwamba huyu ni Elyse, wanaishi naye mlango kwa mlango. "Nilitambuliwa hivyo, halafu nikaenda kuandika mambo ya ng'ombe," anasema na kutikisa kichwa.

Hata ufunguo mkuu, unaofungua kila mlango wa Alama, amemkabidhi Bi Akoru. Kwa maoni yake, fundi wa kufuli hafai kubaki na funguo za mtaa.

Ndani ya kontena, joto limeanza kupanda. Lokaale amesikiliza maelezo yote mara mbili.

"Wa kwanza, Ereng," anasema hatimaye. Ereng ni jirani yake, amehama naye tangu wote wawili wakiwa vijana.

"Wa pili?"

Mzee anasogeza kigoda chake. "Wewe."

Elyse anaacha kuandika. "Mimi? Papa, ni mimi nilikupotezea ngamia."

"Yule wa ukoo naimba wimbo yangu, halafu nachukua ngamia. Wewe nakosea, halafu nakuja Lodwar nasema mbele ya watu. Andika."

Anaandika. Tovuti inakataa, kwa maandishi mekundu: mtu huyu hana mnyama. Sheria hiyo, kwamba anayemtambulisha mwenzake lazima awe na mnyama, pia aliitunga mwenyewe. Anamweleza mzee, uso umemwiva kwa aibu.

Lokaale anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Anachora chapa yake vumbini kwa kidole. Anampa Elyse mbuzi jike wa chapa hiyo, mweupe mwenye kichwa cheusi. Atabaki kundini mwake, maana mkimbizi hana pa kuchungia, lakini ni wa Elyse.

Elyse anajaza fomu yake mwenyewe polepole, kama mtu ambaye hakuitengeneza. Machozi yanamlenga, wala hayafichi.

"Kila orodha ya Kakuma yenye iko na jina yangu ni ya kupokea. Chakula, maji, blanketi. Hii njo ya kwanza inasema niko na kitu."

Mipango anayo. Anatamani Alama ifike Katilu na Lokichar kabla ya mwaka kwisha, na anataka kufundisha mafundi wawili Waturkana, ili siku akiandika tena swali la kijinga awepo wa kucheka mapema.

Fomu inamtaka naye ataje watu wawili wanaomfahamu. Anamtazama mzee, mzee anainua kidevu kukubali, naye Elyse anaandika: Lokaale. Nafasi ya pili anaiacha wazi.

"Nawoi, yule wa ngozi mwenye alinipa wazo ya hii kufuli," anasema. "Sitaandika bila kumuuliza. Jumamosi nitamuuliza, mbele ya watu."