Tanga Lililogeuzwa Pazia

Tanga la mashua ya mjomba lilinuka dagaa na moshi wa kuni, na mpaka leo nikipita penye dagaa walioanikwa hasira hunipanda. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha si zamani. Tulikuwa tumetoka Tabora kwa treni hadi Kigoma, baba, mama na mimi binti yao, kwa pasi ya baba, mfanyakazi wa reli. Tulikwenda kumchukua Bibi, mama yake mama, aliyeishi kijijini kusini ya Ujiji. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa anapita Tabora kwa siku chache tu, kisha angekwenda zake. Treni ya kurudi ingeondoka jioni ya siku ileile ya kumchukua Bibi, na nyingine ingekuja baada ya siku kadhaa, daktari akiwa hayupo tena.

Asubuhi ilikuwa raha tupu. Ziwa lilikuwa limetulia, na mjomba na wapiga kasia wake wawili walifuata ukingo, tukitoka ghuba hii tukiingia ile. Katika ghuba moja tulitia nanga, jiwe kubwa lililofungwa kamba, tukala ugali kwa samaki, migebuka wa kuchoma. Mjomba alituahidi kwamba jua likipanda upepo wa kusini ungeamka na kuturudisha Kigoma mapema. Na kweli, tulipofika kijijini ukaamka.

Bibi alikuwa amesimama majini, maji yakimfika magotini, mkono begani mwa jirani yake.

"Mkwe yumo?" aliuliza.

"Yumo, mama," mama alijibu.

"Basi mimi siingii."

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakutazamana usoni. Baba alikuwa ameshageukia ziwa, koti la reli amejifunika kichwani.

"Lakini mama, wewe huoni!"

"Mimi sioni. Yeye je?"

Baba alisema angeshuka atembee, lakini kwa miguu asingeiwahi treni, na pasi ilikuwa kwa jina lake. Mama akatandaza kanga katikati. Upepo ukaipeperusha, na Bibi aliposikia inavyopiga akarudi nchi kavu. Mwishowe mjomba akashusha tanga, akalifunga kwa urefu wa mashua, toka mbele hadi nyuma. Bibi alilipapasa lote, ndipo akapanda.

Yaani upepo tuliokuwa tukiungoja tangu asubuhi ulikuwa mgongoni mwetu, na tanga tumeligeuza pazia! Mashua nyingine zilitupita matanga yamejaa, watu wakituuliza kwa kelele kama tumebeba bibi harusi. Wapiga kasia walichoka, na mjomba akatia nanga ghuba baada ya ghuba ili wapumzike. Mimi niliwekwa nyuma, penye ncha ya pazia, nipeleke salamu.

"Mwambie bibi yako, shikamoo."

"Mwambie baba yako, marahaba. Mwambie nashukuru kwa taabu yake."

Nilirudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia, huku jua likishuka, mpaka nikashindwa kujizuia. "Baba, si ufumbe macho tu!" Mama alinifinya paja. Nilimchukia baba siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Honi ya treni tuliisikia tukiwa bado nje ya bandari. Wapiga kasia waliacha kupiga. Mama aliuma pindo la kanga yake akalia bila sauti.

Tulipofika Tabora daktari alikuwa ameondoka. Bibi alikaa nasi mtaani kwetu Isevya miaka sita, katika chumba cha uani, baba akikohoa kila alipotaka kupita ili mtu amfungie Bibi mlango. Bibi hakuona tena hadi alipofariki. Watu walimsifu baba kwa heshima yake, na mimi sijawahi kuweza kuzipokea sifa hizo.

Mwaka jana zamu ya macho yangu ilifika. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mdogo, alinipakia kwenye gari lake, kiti cha mbele, akanipeleka hospitali ya Kitete, akanishika mkono mpaka mlangoni. Bandeji ilipofunguliwa, uso wa kwanza niliouona ulikuwa wake, una kovu dogo kidevuni nisilolijua. Shingo yangu ilitaka kuinama yenyewe. Nikaikatalia. Nilimtazama, nikamtazama, mpaka yeye ndiye aliyeona haya.