Pijo ya Mzee Wamae na Benzi ya Moffat

Mwalimu Kyalo alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa. Tangu aoe kwa Wagikuyu na kuhamia Ruring'u, hata leso yake aliipiga pasi. Kwa hiyo bintiye Kanini aliposema atakwenda kufunga ndoa kwa Pijo 404, gari la guka yake, yaani babu mzaa mama, Kyalo alikosa raha.

Mzee Wamae, baba mkwe wa Kyalo, aliinunua Pijo hiyo wakati wakoloni wameondoka juzi tu. Gea iko kwenye usukani, na ikiona mlima hutoa moshi wa buluu. Moffat, rafiki wa Kyalo, alikuwa na Benzi ya miaka ya themanini, nyeusi, pembe zake zimenyooka kama rula.

"Ya mzee ni ukumbusho," Moffat alimwambia. "Yangu ni gari. Funga huo mlango usikie. Hiyo ni sauti ya heshima."

"Mzee ameipaka polishi wiki nzima."

"Basi apigwe picha nayo."

Kyalo hakuthubutu kumkatalia mzee. Akampigia simu. "Baba, utungoje langoni kwako. Msafara utapita, Kanini ahamie kwa Pijo."

"Sawa, Mwalimu. Nimeifunga riboni mpaka kwa vioo."

Asubuhi Kanini akapanda Benzi, akijua atabadilisha gari njiani. Kwenye njia panda Kyalo akamwambia Moffat ashike barabara ya chini, isiyopita langoni kwa mzee.

"Na guka?" Kanini akauliza.

"Amepiga simu. Pijo imekataa kuwaka."

Benzi ilipanda hadi mjini bila kukohoa. Wamae alifika kanisani pete zimeshavalishwa, akaketi kiti cha mwisho. Watu walipotoka, Kanini alimkumbatia.

"Pole, guka. Baba alituambia Pijo ilikataa kuwaka."

Mzee akamtazama Kyalo. Kyalo akainama kama anayekagua viatu vyake.

"Ni kweli," Wamae akasema. "Mimi na hiyo gari tumezeeka. Kila asubuhi mmoja anamwamsha mwenzake."

Watu wakacheka, Moffat kuwashinda wote. Mzee alipokwenda kwenye gari lake, Kyalo akamfuata.

"Baba..."

"Niliwaona mkipinda. Kutoka lango yangu barabara ya chini inaonekana yote. Nikafikiri labda mmesahau, mtarudi. Nikangoja."

"Nimekosa, Baba. Niliogopa watu watacheka moshi."

"Ungeniambia tu. Ningeiacha nyumbani nikuje kwa miguu, nione mtoto akivishwa pete."

Akaanza kufungua riboni taratibu, akizikunja moja moja. Kyalo alisimama pale mikono ikining'inia. Alitamani mzee amgombeze, lakini mzee alikunja tu. Mwishowe Kyalo akageuka, akamwita Kanini aje asikie ukweli, mbele ya Moffat na wageni wote. Sauti ilimtoka ndogo, ikambidi aite tena.